Pangani au Kilwa? Nataka kumpeleka bi mkubwa akaione bahari mwezi wa 12

Mgogo_Safarini
Wakuu habari za muda huu, nisiwachoshe. Niko Dodoma, mwezi wa 12 shule zikifungwa nataka niipeleke familia bahari. Tuko sita, mimi, mama watoto, watoto watatu (miaka 11, 8 na 3) na bi mkubwa wangu ana miaka 68, toka azaliwe hajawahi kuiona bahari, Dar kafika mara mbili lakini zote ilikuwa hospitali na kurudi. Gari ipo, Noah, haina shida.

Nimebaki na sehemu mbili kichwani. Moja ni Tanga kule Pangani, jamaa wa kazini kanionyesha picha za ufukwe wa Ushongo nikakosa usingizi. Nyingine ni Kilwa, sababu huyu wa miaka 11 kaisoma kwenye historia sasa kila siku ni baba yale magofu bado yapo, baba tutaenda lini. Zanzibar naomba msinitajie, nilipiga hesabu ya boti kwa watu sita kwenda na kurudi nikafunga daftari. Nina siku nne za kukaa, bajeti milioni moja na nusu nje ya mafuta. Bi mkubwa magoti yanamsumbua, ngazi na kuruka ruka hawezi. Aliyefika kote anipe uzoefu wake, ya Google nimeshasoma.

Chumvi_Ileile
Kigamboni mkuu. Maji ni yale yale.

Kuchele_Original
Huyo wa Kigamboni msamehe bure. Mkuu nenda Kilwa, huyo mtoto anayeuliza magofu usimvunje moyo. Ibn Battuta kafika pale mwaka 1331 akausifia mji, leo wewe wa Dodoma una Noah yako unaogopa? Mnalala Kilwa Masoko, asubuhi mnachukua kibali pale pale mjini halafu mnavuka na boti kwenda Kisiwani, mnaona Msikiti Mkuu na kuba zake, Gereza yani ile ngome ya kale, na Husuni Kubwa ambayo ilikuwa kasri ya sultani, ipo juu ya jabali inaangalia bahari, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na kuta mpaka leo zimesimama. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 1981 pamoja na Songo Mnara. Mimi nilisimama pale ndani ya birika la Husuni, lina pande nane, nikajisikia mjinga, yani nimekulia Lindi na sikuwahi kufika mpaka nina miaka 30.

Kuoga mnaoga Jimbiza pale pale Masoko, mchanga upo na maji hayatishi. Samaki bei nzuri, na mwezi wa 12 ni embe na korosho tu njia nzima.

Dereva_Wa_Usiku
Mimi nazungumzia njia tu, mengine wataongea wengine. Dodoma mpaka Tanga mjini ni kama km 600, Morogoro, Chalinze, Segera, lami mwanzo mwisho. Kilwa ni zaidi ya 700 na lazima ukutane na Dar, na kutoka Dar kwenda kusini unapita Mbagala, hapo unaweza kumaliza masaa mawili hujafika popote na mtoto wa miaka mitatu anataka kukojoa. Halafu kusini mvua zao zinaanza humo humo Novemba Desemba, ile 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita barabara ilikatika pale Somanga magari yakalala. Ile ilikuwa Mei na sisemi itajirudia, nasema piga simu uulize kabla hujatoka. Tanga nako vuli inaweza kuchelewa kuisha, hasa kile kipande cha baada ya Pangani ukishavuka mto.

Kwa vyovyote usiendeshe siku moja. Lala Morogoro.

Bint_Bweni
Shikamoo kwa mama yetu kwanza. Kaka mimi ni mtu wa Pangani kwa hiyo najua mtasema navutia kwangu, ila Kilwa nilishaenda na mama mkwe wangu, naye mguu ulikuwa mbovu, ngoja nikwambie ilivyokuwa. Kuvuka kwenda Kisiwani hakuna tabu, bahari pale imetulia. Tabu ni kushuka. Tulifika maji yamekupwa, boti ikagota mbali, vijana wakasema shukeni tutembee, maji ya magoti na chini kuna mawe. Mama mkwe alibebwa mgongoni na nahodha, mpaka leo hataki ile stori isimuliwe mbele ya wajukuu. Na ukishafika ndani jua kali na kutembea kwingi, Husuni iko mbali na msikiti. Kuchele hajasema hayo.

Kwetu Ushongo gari inafika mpaka chini ya minazi. Unavuka mto Pangani kwa kivuko kwenda upande wa Bweni, halafu unaenda kusini kama km 15 hivi, unashuka, hatua ishirini uko mchangani. Mchanga umeshikana, sio ule wa kuzama, mzee anatembea vizuri tu hata na fimbo. Msikae Tanga mjini mkidhani ndio beach, mji ni mzuri na umetulia lakini sehemu kubwa ya ufukwe wake ni mikoko na matope, watoto watakulilia.

Ila lazima ujue maji. Watu wa bara mnakuja mnakuta bahari imeondoka mnasema mmetapeliwa 😂. Siku za bamvua, yani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa saa nne asubuhi hivi na kujaa saa kumi jioni, halafu kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini. Hizo siku ndio nzuri, asubuhi watoto wanaokota kombe na kukimbiza kaa, jioni mnaoga. Na kama mnataka Maziwe, kile kisiwa cha mchanga, ndio hizo hizo siku, sababu kinaonekana maji yakikupwa tu. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walitaga, bahari ikala miti yote, sasa hivi hakuna hata kivuli cha kuku, bebeni mwamvuli na maji ya kunywa. Mama abaki Ushongo na mtoto mdogo, ale mihogo ya nazi.

Watoto wavae viatu vya plastiki kwenye miamba, kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba myeusi mirefu, ukikanyaga utamjua.

Kuchele_Original
Nahodha kumbeba mama mkwe sio kosa la Kilwa 😅. Mngeenda maji yakijaa. Lakini kwa magoti nakubali, hapo sibishani. Sasa mtoto na magofu yake?

Bint_Bweni
Tongoni. Iko kwenye njia ya Tanga kwenda Pangani, kama km 17 kutoka mjini, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo mengi kuliko unavyofikiria, nguzo nyingine zimeanguka. Kilwa sio, siwezi kudanganya, ni padogo, saa moja mmemaliza. Ila gari inapaki karibu kabisa. Na mapango ya Amboni yako km 8 tu toka mjini upande wa barabara ya Horohoro, kuna popo na sehemu za kuinama sana, mama akae nje na wengine muingie. Mwongozaji atawapigia ile hadithi ya mbwa aliyeingia pangoni akatokea Kilimanjaro. Msibishane naye, itachukua muda.

Mgogo_Safarini
Asanteni sana wakuu, na Dada Bint Mungu akubariki, shikamoo yako nimeifikisha kaitikia marahaba. Basi ni Pangani. Nimekaa na kijana nikamwonyesha picha za Tongoni, kanuna kidogo, nikamwahidi Kilwa akimaliza darasa la saba, kaniandikisha kwenye karatasi na sahihi nimeweka. Nimeangalia kalenda ya mwezi pia, sikujua kama likizo inapangwa kwa kuangalia juu.

Swali la mwisho. Bi mkubwa kauliza kama anaruhusiwa kubeba maji ya bahari kwenye dumu la lita tano. Kuna majirani wawili wameshamwagiza.

Dereva_Wa_Usiku
Anaruhusiwa. Lisimamishe na ulifunge kamba, mie lilimwagika kwenye buti la mtu mwaka juzi, kila akiona kutu ananitumia picha.

Bint_Bweni
Aje na madumu mawili, huko Dodoma wakisikia karudi wataongezeka.