Tim Bell na lile bango la foleni: tangazo linaweza kumpa mtu ushindi kweli?

MchoraMabango
Habari zenu wakuu. Mimi nipo kwenye kaofisi ka matangazo, sisi ni wa sabuni na bando za simu, sasa kuna mgombea katufuata tumfanyie kampeni na bosi kapagawa, kila kikao anamtaja huyu Tim Bell wa Uingereza eti alimwingiza Thatcher kwenye uwaziri mkuu 1979 kwa bango moja tu. Ni kweli au ni stori za watu wa matangazo kujipaisha? Na alianzaje, maana nasikia hata chuo hakusoma

kalamu_kavu
Chuo hakwenda kweli. Kazaliwa 1941, kamaliza shule akaingia ABC Television 1959 kazi ya chini kabisa, kubandika kwenye chati tangazo gani linarushwa saa ngapi, akapita ajensi kadhaa, 1970 akaingia Saatchi & Saatchi ndo kwanza wale ndugu wawili Charles na Maurice wanaianzisha. Watu wakawa wanamwita ndugu wa tatu. Ila elewa kitu kimoja, jamaa hakuwa mwandishi wala mchoraji. Maneno ya lile bango, Labour Isn't Working (yaani Labour, chama kilichokuwa madarakani, hakifanyi kazi) juu ya picha ya foleni ndefu ya wasio na ajira, kaandika Andrew Rutherford, na aliyeileta Saatchi kwa Conservative, chama cha Thatcher, ni Gordon Reece, huyo huyo aliyempeleka Thatcher kwa walimu wa sauti. Kazi ya Bell ilikuwa kukaa na mteja. Inasimuliwa Thatcher alipoonyeshwa bango akauliza mbona jina la wapinzani ndo limeandikwa kubwa kuliko letu, sasa mtu wa kumtuliza mama yule na akakubali ni nani kama sio Bell? Hicho ndo kipaji chenyewe

Dogo wa Tandale
Alafu ile foleni ya wasio na kazi ni usanii mtupu 😂 walikuwa vijana wa Conservative wa Hendon pale London, wakaja wachache kama 20 hivi, mpiga picha akawapiga wale wale kwa mafungu wakaunganisha ikawa foleni ndefuuu. Denis Healey waziri wa fedha wa Labour akaenda kulalamika bungeni, kosa kubwa, magazeti na TV zote zikabidi zionyeshe bango ili watu waelewe ugomvi ni wa nini. Na Uingereza huruhusiwi kununua tangazo la siasa kwenye TV, kwahiyo Healey kawapa bure kitu ambacho hela yao isingenunua

mzee_wa_hoja
Bosi wako anakupiga fiksi kijana. Bango limetoka Agosti 1978, uchaguzi ni tarehe 3 Mei 1979. Hapo katikati Callaghan, waziri mkuu wa Labour, kaacha kuitisha uchaguzi mapema, ikaja baridi ya migomo, takataka zimerundikana katikati ya London, Liverpool hadi wachimba makaburi wamegoma. Upinzani gani ungeshindwa hapo?? Conservative wakapata viti 339, wamewazidi wengine wote kwa 43. Na wasio na kazi, wale wa kwenye bango, walikuwa kama milioni moja na nusu, chini ya Thatcher mwenyewe 1982 wakapita milioni tatu. Hakuna aliyekwenda kumdai Bell

MchoraMabango
Duh. Sasa mwisho wake jamaa akaishiaje?

Wanjiku_wa_Ruiru
Alitajirika bana, akaondoka Saatchi 1985, akapewa cheo cha Sir, 1998 akawa Lord, hata Thatcher alipofariki Aprili 2013 ni yeye alitoa habari. Shida ni kampuni yake ya kusafisha majina ya watu, Bell Pottinger, ilikuwa haichagui mteja, Lukashenko wa Belarus, watu wa Pinochet dikteta wa zamani wa Chile, halafu 2016 wakachukua kazi ya akina Gupta, ndugu matajiri marafiki wa rais wa wakati ule Zuma huko Afrika Kusini, pauni laki moja kwa mwezi, wakaingia kuchochea mambo ya rangi ili watu wasiangalie Gupta wanafanya nini na Zuma. Septemba 2017 PRCA, chama cha kampuni za mahusiano ya umma Uingereza, kikawafukuza, wateja wakatoroka, haikupita wiki mbili kampuni ikawa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Bell alikuwa ashatoka 2016 akidai aliipinga hiyo kazi, lakini si ni yeye alipanda ndege kwenda Johannesburg kuitafuta? Akaenda Newsnight, kipindi cha BBC, kujitetea, simu yake ikaita mara mbili live 🤦🏾‍♀️ Alifariki 2019.

Na hiyo ya bango moja kuleta ushindi tunaijua vizuri huku Kenya. 2018 Mark Turnbull wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni, alinaswa na kamera ya siri ya TV ya Channel 4 akijigamba walibadilisha chama kizima sura mara mbili, wakaandika manifesto, hotuba, kila kitu. Jubilee, chama chenyewe cha Uhuru Kenyatta, wakasema ilikuwa branding tu. Wewe unaamini nani? Mshauri ana mteja mwingine anamtafuta, lazima ajisifu

mzee_wa_hoja
@MchoraMabango kazi fanyeni, ila mkataba uandikwe na hela yote iingie kabla ya siku ya kura. Mgombea akishindwa hapokei simu

MchoraMabango
😂😂 hilo la hela bosi hajalitaja kabisa. Na akishinda je?

mzee_wa_hoja
Akishinda ndo hapokei kabisa