Mwandamizi wa tiba ya mionzi: kubaki kwenye linaki, kuhamia mipango, au mionzi ya ndani?

Zamu_ya_Asubuhi:
Wakuu, habari za kazi. Nina miaka 11 kwenye tiba ya mionzi, minne ya mwisho nikiwa mwandamizi wa linaki moja, yaani mashine inayompiga mgonjwa miale kutoka nje ya mwili. Idara inapanuka, na mkuu wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi nichague: nibaki kuongoza mashine, nihamie chumba cha mipango ya tiba, kule inakopangwa miale ipite wapi na kwa dozi gani, au nikasaidie kuanzisha kitengo cha mionzi ya ndani, ambako chanzo cha mionzi huingizwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Cheo ni kile kile popote nitakapokwenda, kwa hiyo habari ya mshahara tuiweke kando.

Niseme ninavyoona mimi. Linaki naijua. Asubuhi tunakagua leza, mlango, kamera, vitufe vya dharura na dozi inayotoka. Ikipotoka zaidi ya asilimia 3 kutoka kiwango cha msingi, hatumlazi mtu kitandani mpaka mwanafizikia tiba aje. Baada ya hapo ni mgonjwa mmoja baada ya mwingine hadi jioni. Nawapenda wagonjwa wangu. Ila mgongo umeanza kunisumbua, na nina hofu ya kufanya kitu kile kile miaka kumi mingine. Mipango inanivutia. Mionzi ya ndani naiogopa kidogo, sitaficha.

Ninachouliza ni hiki: uandamizi una uzito zaidi wapi? Ni wapi jicho langu litamfaa mgonjwa kuliko jicho la aliyemaliza chuo mwaka jana?

Barakoa:
Dada, baki mashineni. Nikupe kisa kimoja tu.

Tulikuwa na mgonjwa wa saratani ya koo, Gy 70 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 35, wiki saba mfululizo. Wiki ya nne kijana niliyekuwa naye akapiga picha kabla ya tiba, akailinganisha na ya mpango, mifupa ikakaa sawasawa. Alikuwa tayari kuwasha. Mimi nikaona kati ya shavu na barakoa inayoshikilia kichwa kisisogee pana nafasi ya kuingiza kidole. Mzee wa watu alikuwa hamezi chochote kwa vidonda vya mdomoni, alikuwa amekonda vibaya. Mfupa ulikuwa pale pale, lakini nyama iliyouzunguka haikuwepo tena, na mgonjwa akikonda hivyo tezi za mate husogea ndani, kuelekea kwenye dozi kubwa. Nikasimamisha. Alitengenezewa barakoa mpya, skani mpya, mpango mpya.

Aliye kwenye chumba cha mipango asingeliona hilo, kwa sababu yeye ana picha ya siku ya kwanza. Kijana naye hakukosea, alifundishwa kulinganisha mifupa. Kutazama ngozi na mashavu kunakuja na miaka.

Mchora_Miale:
Barakoa amesema kweli, ila ni nusu ya habari. Mimi nilitoka mashineni kwenda mipango miaka sita iliyopita.

Fikiria hivi. Ukimlaza mgonjwa vibaya leo na ana vipindi 25, umekosea sehemu moja ya 25, na kesho unaweza kusahihisha. Mpango ukiwa na kosa, kosa hilo litarudiwa vipindi vyote 25 na wenzako mashineni watalitekeleza kwa usahihi mkubwa. Ndiyo maana mpango unahitaji mtu anayejua kitanda kilivyo. Wanaoanza huku bila kupita mashineni huandika mipango mizuri sana kwenye skrini ambayo haitekelezeki: kichwa cha mashine kinakaribia kugonga kitanda, au mgonjwa anatakiwa ainue mikono juu ya kichwa dakika 20 wakati bega lake halipandi hata nusu. Mimi nikiona mgonjwa wa titi la kushoto anatakiwa kubana pumzi ili moyo ukae mbali na miale, swali langu la kwanza ni kama anaweza kuibana sekunde 20 bila kukohoa. Swali hilo nilitoka nalo mashineni.

Hasara yake? Mikono inasahau. Mwaka juzi niliitwa kuziba pengo la zamu, nikajikuta nahangaika na mambo ambayo zamani nilifanya huku nazungumza na mgonjwa. Na majina huyakuti tena. Unafahamu tezi dume za watu, vipimo vyao vyote vya dozi, na usimtambue mwenyewe akikupita kwenye ukumbi. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Barakoa:
Mkuu, hesabu yako ya moja ya 25 ilikuwa sawa zamani. Siku hizi saratani ya titi wapo wanaopata Gy 26 kwa vipindi vitano tu. Ukimlaza vibaya siku moja umekosea moja ya tano ya tiba yote, na siku za kusahihisha hazipo. Mgonjwa wa maumivu ya mfupa anapewa Gy 8 mara moja, basi. Kadiri vipindi vinavyopungua ndivyo mashineni panavyohitaji mtu mzima zaidi.

Mchora_Miale:
Hapo umenishika, nakubali. Na sikuwa nimeitazama hivyo.

Chanzo_Hai:
Naona mionzi ya ndani imeachwa pembeni kama kawaida. Niko huko mwaka wa nane, hasa saratani ya shingo ya kizazi.

Dada, kuogopa ni jambo jema, usiliondoe lote. Linaki ukiizima imezimika. Chanzo chetu hakizimiki. Kinalala tu ndani ya sanduku lake zito. Kwa hiyo uandamizi huku unaanza na zoezi: chanzo kikikataa kurudi, nani anaingia, nani anasoma kipimo mlangoni, koleo ndefu iko wapi, chombo cha dharura kiko wapi, mgonjwa anatolewaje. Sisi tunalifanya kwa saa mkononi mpaka kila mtu alijue bila kuulizwa. Umbali ndio rafiki yako: ukiuongeza mara mbili, dozi inashuka hadi robo.

Jambo jingine ambalo wa linaki hawana ni muda unaobadilika. Iridiamu 192 hupoteza nusu ya nguvu yake kila siku 74. Tiba iliyochukua dakika 6 chanzo kikiwa kipya itachukua dakika 12 baada ya siku hizo. Zile dakika 12 mgonjwa amelala na mirija ndani ya mwili, miguu haigeuki, na kabla ya hapo amesubiri picha na mpango, pengine saa kadhaa. Hapo ndipo ukubwa wako unapoonekana: kujua dawa ya maumivu ilitolewa saa ngapi na itaisha nguvu lini, kumpigia simu anayechora mpango na kumwambia wazi kwamba mama amechoka. Wenye vyanzo vya kobalti 60 wanapumua kidogo, nusu yake ni miaka mitano na ushee.

Timu ni ndogo, mnafahamiana hadi wagonjwa wenyewe. Mimi sihami.

Ukumbi_wa_Pili:
Swali kwa Chanzo_Hai kabla hatujaendelea: kipimo chako cha kifuani, kile kinachorekodi mionzi unayopata kazini, kinasomaje? Mke wangu hataki hata kusikia nikienda huko.

Chanzo_Hai:
Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa mSv 20 (milisievert, kipimo cha mionzi anayopata mtu) kwa mwaka ukihesabu miaka mitano, na mwaka wowote usipite 50. Mimi sijawahi kukikaribia. Chanzo kinapotoka kwenye sanduku sisi tuko nje ya ukuta. Mwonyeshe mama taarifa zako za kipimo mwenyewe, zinasomeka, maneno matupu hayatamridhisha.

Foleni_Ndefu:
Ninachokiona hakijasemwa ni siku ambayo mashine imelala.

Saa nne asubuhi linaki inakataa, fundi anasema kesho kutwa. Nje wamekaa watu 28. Nani aende nyumbani, nani ahamishiwe mashine ya pili, nani hawezi kukosa hata siku moja? Saratani za kichwa na shingo na za shingo ya kizazi hazipendi pengo, seli zinazaliana haraka ukizipa nafasi. Kwa shingo ya kizazi tunajitahidi tiba yote, ya nje na ya ndani, imalizike ndani ya wiki nane. Kwa hiyo unawatenga, unazungumza na daktari na mwanafizikia, na baadhi mnawalipia siku iliyopotea kwa vipindi viwili siku moja vikiachana angalau saa 6. Halafu unatoka ukumbini kuwaambia waliobaki, uso kwa uso. Kazi hiyo haiandikwi kwenye maelezo ya ajira, na ndiyo iliyonifanya nijione mwandamizi kweli.

Na siku hiyo presha ya kuwasha ni kubwa. Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya Therac-25 iliwapa watu sita dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi walikufa. Kosa lilikuwa kwenye programu na kwenye kuondolewa vizuizi vya kimashine. Lakini kuna jambo huwa nawaambia vijana wangu: waendeshaji walikuwa wamezoea mashine kuandika namba ya hitilafu, nao wakazoea kubonyeza iendelee. Kwangu mimi mwandamizi ndiye asiyezoea.

Wiki_ya_Tatu:
Dada umeiacha njia ya nne: mapitio ya kila wiki. Mimi nakaa na wagonjwa walio katikati ya tiba, napima uzito, naangalia ngozi, mdomo, choo, usingizi. Wiki ya pili na ya tatu ndipo vidonda vya mdomo huanza. Na ngozi mara nyingi huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kumaliza, wakati mgonjwa amekwisha kuagana na sisi na anaamini yamekwisha. Nawapigia simu siku ya kumi. Mmoja aliniambia alidhani tiba imemharibu, akawa amekaa na maumivu peke yake siku nne akiona aibu kusumbua watu. Yule mgonjwa wa Barakoa asingefika wiki ya nne bila mtu kujua kuwa hawezi kula.

Mgongo wako pia utapona, unakaa kwenye kiti.

Barakoa:
Wiki_ya_Tatu, ni kweli. Wakati ule hatukuwa na mapitio ya namna hiyo.

Zamu_ya_Asubuhi:
Nimewasoma wote mara mbili. Nilikuja nikidhani nachagua kati ya kazi ya mikono na kazi ya kichwa, na naona sivyo. Mmenionyesha ni wapi kosa linaweza kukamatwa na nani yuko pale wakati huo.

Nimemwandikia mkuu: nabaki linaki siku tatu, siku moja niwe chumba cha mipango nikisoma kila mpango kabla haujaja kwetu, na siku ya tano nianze mapitio, ambayo kwetu hayapo. Mionzi ya ndani nimeomba nihudhurie mazoezi ya dharura tu, kwanza. Chanzo_Hai, naomba unieleze mpangilio wa zoezi lenu, nani anasimama wapi.

Chanzo_Hai:
Leo usiku nitakuandikia. Anza na hili: anayesoma kipimo mlangoni haingii, hata kama aliye ndani ni rafiki yake.