Nimedaiwa kodi ya majengo kwa nyumba ninayoishi mwenyewe: naomba ushauri

Mjane wa Wakiso
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Ninaishi katika manispaa mojawapo ya wilaya ya Wakiso, hapa Uganda, kwenye kibanja (kiwanja kilicho juu ya ardhi ya mtu mwingine) alichoniachia marehemu mume wangu. Nyumba ya mbele ninakaa mimi na wajukuu watatu; nyuma yake kuna vyumba vinne vya kupangisha, ile tunayoiita mizigo, na kila kimoja kinaniletea shilingi 150,000 kwa mwezi. Juma lililopita nilikuta karatasi ya madai imechomekwa kwenye lango. Niliisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama, kwa sababu majengo yote yameandikwa kwenye mstari mmoja, kana kwamba kiwanja kizima ni cha wapangaji, na kiasi kinachodaiwa kinazidi pango lote la mwezi mmoja. Kila mwaka nalipa busuulu, yaani ada ya kibanja, kwa mwenye ardhi, tena nalipa kodi ya mapato ya pango. Je, hii si kodi ileile inayorudi kwa jina jingine? Na je, nyumba ninayolala inatozwa?

Mpangishaji wa Jinja
Pole sana, mama. Usilipe hata shilingi moja mpaka wakusahihishie. Nyumba ya kuishi mwenye nyumba haitozwi.

Mpima Majengo
Shikamoo mama. Mwenzangu wa Jinja amesema kweli nusu, na nusu ya pili inaweza kukuletea hasara, kwa hiyo niruhusu nieleze taratibu.

Kodi ya majengo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2005 ya ukadiriaji katika serikali za mitaa. Sheria hiyo inasamehe jengo la makazi linalokaliwa na mwenyewe, lakini msamaha huo hauvuki ukuta wa sehemu unayoishi: vyumba unavyopangisha vinatozwa hata kama viko ndani ya ua mmoja na chumba chako cha kulala. Hukokotolewa hivi: mthamini hukadiria pango ambalo jengo lingeleta kwa mwaka, huondoa sehemu kwa ajili ya matengenezo na gharama nyingine, kisha asilimia iliyowekwa na halmashauri hutozwa kwenye kile kilichobaki. Kampala hutoza asilimia 6, na sheria hairuhusu halmashauri yoyote kuvuka asilimia 12. Mizigo yako inaleta 7,200,000 kwa mwaka. Tuseme baada ya makato zibaki 5,600,000; kwa asilimia 6 ungedaiwa 336,000. Ukiona zaidi ya hapo, na asilimia ya manispaa yenu ni hiyohiyo, basi huenda nyumba yako ya mbele imehesabiwa.

Kodi ya mapato ya pango ni jambo jingine kabisa. Hiyo huenda kwa Mamlaka ya Mapato, na kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, yaani kwako ni 525,600. Busuulu nayo ni haki ya mwenye ardhi, wala haiingii manispaa. Ni malipo matatu yenye wenyewe watatu, na risiti ya moja haifuti deni la jingine.

Naomba nikuulize: waliopima nyumba walikukuta nyumbani?

Mjane wa Wakiso
Hawakunikuta. Nilikuwa sokoni. Mpangaji wa chumba cha pili ananiambia sasa kwamba vijana wawili walikuja na utepe wa kupimia, wakamwuliza kama mwenye nyumba anakaa hapo, naye akajibu kwamba wote ni wapangaji, akidhani wanauliza habari za vyumba vya nyuma.

Mpima Majengo
Basi kosa limeanzia hapo. Nenda ofisi ya manispaa uombe kuona orodha ya uthamini, uisome mwenyewe, kisha uandike barua ya pingamizi. Ambatisha barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa wenu, inayothibitisha kwamba unaishi hapo, pamoja na nakala ya kitambulisho cha taifa na ya bili ya maji yenye jina lako. Hakikisha nakala yako ya barua inagongwa muhuri siku unayoipeleka. Wakati orodha mpya inapotangazwa, pingamizi hupelekwa mbele ya mahakama ya uthamini, na muda wake ni mfupi, kwa hiyo usingoje.

Mzee wa Bombo
Binti yangu, mimi naongeza moja tu. Sehemu ya mizigo, ambayo huipingi, ilipe sasa, na ueleze hivyo katika barua, kwa maana deni halifutiki kwa kukaa. Ukishalipa una haki ya kuuliza habari za taa na mitaro ya mtaa wenu, kwani kodi hii imewekwa kwa ajili ya huduma za namna hiyo.

Mjane wa Wakiso
Ahsanteni sana. Nimekwenda leo asubuhi. Katika orodha, mbele ya nyumba yangu, wameandika neno moja: wapangaji. Lipo swali limebaki. Chumba cha mbele kinachotazama barabara nakiuzia sukari, sabuni na mkaa. Nacho kimesamehewa?

Mpima Majengo
Hapana, mama. Chumba cha biashara si makazi, hata kama mwuzaji ni wewe mwenyewe.

Mjane wa Wakiso
Basi nitaandika kwamba katika nyumba ya mbele vyumba vya kuishi ni vitatu, na cha nne ni duka.