Gauni la Bibi la mwaka 1976

*Kikundi: Kamati ya Harusi, Familia*

Bi Harusi: Shikamooni wote. Nimetuma picha tatu za gauni ninalolitaka. Siyo shela la kuvimba. Nataka boho: lesi laini, mikono inayopanuka chini kama kengele, bila waya wala marinda ya ndani, lishuke lenyewe hadi kisiginoni.

Mama: Marahaba mwanangu. Nimeziangalia mara mbili. Nzuri, ila naogopa watu watasema umekuja kanisani na gauni la kulalia. Pale dukani kuna shela la laki sita kulikodi, limejaa vito, bi harusi anaonekana tangu mlangoni.

Bi Harusi: Mama, lile nililivaa dakika kumi nikashindwa hata kukaa, waya ukanyanyuka mbele. Fikiria Desemba hapo Tanga, joto lile, halafu tukapige picha Raskazone kwenye mchanga.

Kaka: Hili neno boho limetoka wapi? Nisaidieni, mimi ndiye mweka hazina.

Mama Mdogo London: Limetoka Bohemia, eneo la Ucheki. Wafaransa walidhani Waroma, ile jamii ya wahamaji, wametokea huko wakawaita hivyo, na karne ya 19 jina likawahamia wasanii wa Paris walioishi wapendavyo. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wakalirudisha kwenye mavazi: lesi za kizamani, krosheti, mikono mipana, maua kwenye nywele.

Bibi: Miaka hiyo ya 70 ndiyo yangu. Nimeolewa 1976 na mikono ya kengele. Gauni lipo kwenye sanduku.

Bi Harusi: BIBI 😭 Shikamoo. Lipo kweli? Mbona hujawahi kutuonyesha?

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Shangazi Fundi: Mama usilitoe peke yako, lesi ya zamani hukatika kwenye mikunjo. Nakuja jioni.

Mama Mdogo London: Jamani hii ni heshima kubwa. Beatrice, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Pili, aliolewa Windsor, Uingereza, tarehe 17 Julai 2020 na gauni la bibi yake, lililoshonwa na Norman Hartnell. Malkia alilivaa kwenye uzinduzi wa filamu mwaka 1962. Waliliongezea mikono na kupunguza upana wa sketi. Halikuwa hata gauni la harusi, na dunia nzima ilisema amependeza.

Shangazi Fundi: Nimefika kwa Bibi yenu. Nawaandikia huku nimelishika gauni.
Lilifungwa kwenye kanga ya kisutu, na karafuu kwenye pembe. Afadhali kuliko mfuko wa nailoni, ule unafungia unyevu na nguo inakuwa ya njano. Limekuwa rangi ya maziwa ya moto, siyo njano. Pindoni tu kuna doa la waridi upana wa kiganja, kisutu kilichuja.

Shangazi Fundi: Nimechomoa nyuzi mbili ndani ya mshono nikazichoma kwa kiberiti. Wa lesi umeungua kama karatasi ukaacha majivu laini: ni pamba, tunaweza kulifua. Wa bitana umeyeyuka ukawa kishanga kigumu: hiyo ni nyuzi za plastiki kama poliesta, ndiyo itakayokutoa jasho. Bitana tunafumua yote tunaweka voili ya pamba, kile kitambaa chepesi.

Mama: Wifi, hiyo rangi haitoki kwa jiki kidogo?

Shangazi Fundi: Hapana wifi yangu, jiki haigusi hapa. Inakula pamba iliyozeeka, unatoa lesi kwenye maji ikiwa vipande. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, hakuna kusugua wala kukamua, halafu tunalilaza juu ya taulo. Likining'inizwa limeloa, uzito wa maji unalichana mabegani.

Shangazi Fundi: Ngojeni kwanza. Nimeligeuza ndani nje. Mama, mbona ubavuni kuna mistari mitatu ya mshono? Mmoja uzi mweupe, mmoja wa krimu, mmoja wa bluu.

Bibi: Mweupe ni wangu. Krimu ni wa mdogo wangu, 1979, vita vya Kagera vimetoka kwisha na dukani huoni kitambaa. Alikuwa mwembamba, tukabana. Bluu ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, 1983. Tulizunguka mji mzima hatukupata hata uzi mweupe. Nikamwambia bluu iko ndani, nani ataiona? Akaolewa akapendeza sana. Ameshatangulia, Mungu amrehemu.

Mama Mdogo London: Nalia kwenye basi.

Mama: Mimi la kwangu la 1998 lilikuwa la kukodi. Harusi Jumamosi, Jumatatu asubuhi nililirudisha dukani. Sina hata kifungo. Mwanangu, vaa la bibi yako.

Bi Harusi: Asante Mama. Bibi, unaniruhusu? Na Shangazi, nilitaka mgongo wazi mpaka kiunoni. Itabidi tulikate?

Bibi: Livae. Hata ukikata sitanuna, ni lako.

Shangazi Fundi: Mama ameruhusu ila mkasi wangu haukati lesi hii. Na Padre anataka mabega na mgongo vifunikwe. Nimepata njia: mgongoni kuna vifungo kumi na nane vya kuvikwa kitambaa. Kanisani unavifunga vyote. Ukumbini tunaacha vya juu wazi, tunakunja kingo ndani na kuzishikiza kwa mkono, mgongo unaonekana. Siku ya pili nafumua, gauni linarudi lilivyokuwa. Kiuno nacho nitakiachia sentimita mbili kila upande, akiba ya mshono ipo.

Bi Harusi: Na lile doa la waridi usilihangaikie. Kisutu ndicho kimelitunza gauni miaka yote hii, doa liache.

Kaka: Kwa hiyo laki sita nazihamishia wapi?

Mama: Voili na ufundi wa shangazi yako kwanza. Fundi hafanyi bure kwa kuwa ni ndugu.

Bibi: Mjukuu, na wewe chagua uzi wako. Usiwe mweupe, huo ni wangu.

Bi Harusi: Kijani, Bibi. Kijani cha majani ya mkonge.

Shangazi Fundi: Ninao. Njoo Jumamosi saa nne asubuhi, na uje na viatu vyenyewe utakavyovaa siku hiyo. Bila viatu sipimi pindo.