Hei ya kilimani Misungwi: je, inalipa?

Mwenye Kilima
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina ekari sita za mwinuko wilayani Misungwi, udongo wa luseni, yaani wa kichanga, uliojaa mawe, ambao mihogo yake huishia kuliwa nyumbani tu. Ninafikiria kupanda nyasi za Rhodes na kuuza hei, yaani majani yaliyokaushwa, kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Buhongwa, Kisesa na Igoma mkoani Mwanza, ambao kuanzia Juni hadi Septemba huhangaika kutafuta malisho. Nimesoma kwamba wakulima wa milima ya Uswisi huendesha maisha kwa majani ya miteremkoni. Je, hesabu hiyo inakubali huku kwetu?

Afisa Mifugo Mstaafu
Ndugu, mfano wa Uswisi uuweke kando. Majani ya juu kule hukatwa mara moja au mbili tu kwa mwaka, na sehemu kubwa ya kipato cha mkulima wa mlimani ni ruzuku ya serikali; kwa bei ya majani peke yake, jasho la kufyeka mteremko mkali lisingerudi.

Jifunze zaidi kwa Kilimanjaro, ambako familia zenye ng'ombe wa ndani katikati ya migomba hupandisha majani na mabua ya mahindi kutoka tambarare, kwa kuwa ardhi ya juu ni finyu na ya thamani mno kuachiwa nyasi. Kinachowaumiza ni usafiri, na hapo ndipo biashara yako itakapopimwa. Tani moja ya matete mabichi ina takriban kilo 180 tu za malisho makavu, kwa hiyo gari lako litakuwa limebeba maji. Ukikausha vizuri, tani hiyo hubaki kilo 210 hivi za hei. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za malisho makavu kwa siku. Ukimpatia nusu yake kwa hei katika miezi hiyo minne, atamaliza marobota 43 ya kilo 20. Anza na idadi ya ng'ombe wa wateja walio tayari kutanguliza fedha, kisha ndipo ujue ulime ekari ngapi.

Mfugaji wa Kisesa
Niseme kama mnunuzi. Mshindani wako ni mabua ya mpunga kutoka mbuga za Magu na Kwimba, ambayo baada ya mavuno sisi hulipia karibu gharama ya kubeba tu, kisha tunaongezea mashudu ya pamba. Sitakulipa zaidi ya hapo isipokuwa hei yako imekatwa nyasi zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuchanua. Hei iliyochelewa ni mabua yenye jina zuri. Tatizo ni kwamba wakati huo mzuri mara nyingi huangukia kwenye mvua za Aprili na Mei, kwa hiyo panga ukataji wa mwisho mvua zinapokatika, na ujenge banda la kuhifadhia kabla hujanunua mbegu.

Pia kila tani ya hei nzuri huondoka na naitrojeni ya kilo 14 hivi, na luseni haina akiba hiyo. Mimi ningekubali gari linaloleta hei lirudi na samadi yangu.

Mzee wa Ngitili
Kwa nini ulime kilima chote? Wazee wetu wa Kisukuma walitenga ngitili, wakazuia mifugo wakati wa masika na kuifungulia kiangazi. Panda Rhodes kwenye ekari mbili zisizo na mawe, nne zilizobaki uzifunge na kuwakodishia wenye ng'ombe wa kienyeji majani yakiwa yamesimama: hakuna jembe, robota wala gari, ila mlinzi utamhitaji. Na akitokea wa kukushauri uhamie ufukweni kwenye unyevu, mkumbushe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Mwenye Kilima
Ahsanteni sana. Ndugu wa Kisesa, hilo la samadi tulizungumze: una ng'ombe wangapi, na ungeanza kuhitaji hei mwezi gani?

Mfugaji wa Kisesa
Wanne wanaokamuliwa. Kuanzia katikati ya Julai, mabua yanapoanza kupanda bei.