Goti la mama limesagika: plazma, mazoezi au goti bandia?

Kijana_wa_Hombolo: Wakuu, wakubwa shikamooni. Mama ana miaka 64, maisha yake yote kachuchumaa kwenye zabibu. Sasa akiinuka kwenye kigoda, goti la kulia linasaga mpaka mimi niliyekaa pembeni nasikia. Eksirei inaonyesha nafasi kati ya mifupa imebana upande wa ndani. Kliniki moja binafsi mjini inasema wamchome plazma ya damu yake mwenyewe, gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, litaota upya. Tuuze mbuzi?

Mnyoosha_Viungo: Msiuze kwanza. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichakaa halijirudishi kama ngozi. Plazma ni damu yako inayozungushwa kwenye mashine, wakachukua sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu. Wapo wanaopata nafuu, sikatai. Lakini Australia waliwafuatilia wagonjwa 288 wa goti, wengine plazma, wengine maji ya chumvi yasiyo na dawa, bila mgonjwa kujua kachomwa nini. Majibu ya 2021: baada ya mwaka, maumivu yalipungua karibu sawasawa, na gegedu likaendelea kupungua kwa wote. Anayewaahidi litaota anawadanganya, na hilo linaniuma.

Bibi_Kongwa: Mjukuu wangu, mimi nilichomwa steroidi mara tatu. Wiki za mwanzo nilienda kisimani mwenyewe. Kisha maumivu yakarudi.

Mnyoosha_Viungo: Shikamoo bibi. Steroidi inatuliza uvimbe kwa muda. Marekani waliichoma kila wiki 12 kwa miaka 2. Utafiti wa 2017 ukaonyesha gegedu limepungua zaidi kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi.

Mpwapwa_Juu: Na kuchomwa seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine?

Mnyoosha_Viungo: Bado ni za utafiti. Usilipie.

Kijana, mama aketi kitini, anyooshe goti taratibu, ahesabu mpaka tano, ashushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Paja likipata nguvu, goti linapumua. Kama ana uzito mkubwa, kila kilo anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua. Ajaribu hivyo miezi mitatu. Akishindwa hata kulala usiku, hapo muulize daktari wa mifupa kuhusu goti bandia. MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar, wanabadilisha.

Kijana_wa_Hombolo: Ameanza jioni hii. Kushoto kumi, kulia sita. Anauliza kama anaweza kufanya huku anachambua mlenda.

Mnyoosha_Viungo: Anaweza. Ila akalie kiti chenye egemeo, kigoda akiache.