Naombeni ushauri: Jumamosi nasimamia mjadala wa jaji Barrett kwenye chama chetu Texas, naona watu watararuana

Mluguru_Ughaibuni (mtoa mada), Jumatano 14 Oktoba 2020

Wakuu, kwema? Mimi ni mwenyekiti wa chama cha watu wa nyumbani hapa Texas, tuko kaya kama sitini. Chama chetu ni cha misiba na harusi, siasa hatugusi. Sasa Jumamosi tuna mkutano wa Zoom na imeingia ajenda ya huyu jaji Amy Coney Barrett, aliyeteuliwa na Trump kujaza nafasi ya marehemu Ruth Bader Ginsburg. Seneti inamhoji tangu juzi. Watu wanauliza jambo moja tu: akiingia Mahakama ya Juu, ile haki ya kutoa mimba ya kesi ya Roe dhidi ya Wade, 1973, itapona?

Mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Nusu ya wanachama wangu ni walokole, nusu ni manesi. Wapo manesi walokole, na hao ndio moto kabisa. Naomba mnisaidie: rekodi yake ikoje hasa, na nisimamieje chama kisivunjike? Siku ya tatu leo sijalala.

ngoja_waje

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pale kwenye benchi.

Fundi wa Tandale

Sisi huku tunapiga kura tarehe 28, wewe unatuletea jaji wa Trump. Mwacheni mama wa watu. Ana watoto saba, wawili kawaasili kutoka Haiti. Mtu wa watoto saba mnamuuliza habari za mimba, mnategemea awajibu nini?

Kanzu na Tai

Mkuu, nimeyafuatilia mahojiano tangu saa kumi jioni ya Dar mpaka usiku mkubwa, mke wangu ananiuliza kama nimeajiriwa na Seneti.

Rekodi ipo, si ya kubahatisha. 2006 akiwa mhadhiri wa sheria Notre Dame alitia saini tangazo la gazetini la kundi la kupinga utoaji mimba. 2017 akawa jaji wa rufani. Kesi mbili za Indiana zikaja, 2018 na 2019. Moja iligusa namna ya kuyasitiri masalia ya mimba, nyingine kumjulisha mzazi kabla binti mdogo hajatolewa mimba. Zote mbili alisimama na wale majaji waliotaka zisikilizwe upya na jopo zima. Ila usiishie hapo. 2019 hiyohiyo aliunga mkono uamuzi ulioiacha sheria ya Chicago inayowazuia wapinzani kuwasogelea watu mlangoni mwa kliniki, kwa kuwa uamuzi wa zamani wa Mahakama ya Juu uliwafunga mikono. Kwa hiyo mwenye kusema anaamua kwa dini tu, hiyo kesi itamkwama kooni.

Jana Seneta Klobuchar alimbana kuhusu hukumu zilizokwisha kutulia kiasi kwamba hakuna mtu makini anayetaka zifutwe. Akajibu kwamba Roe haimo humo, na kwamba wingi wa maswali anayoulizwa juu yake ni ushahidi tosha. Hakusema ataifuta. Hakusema ataiacha. Seneta wenu Cornyn akamwomba aonyeshe karatasi anazosomea, akainua kijitabu cheupe, hakina hata nukta.

Halafu piga hesabu. Juni mwaka huu Mahakama ya Juu iliiangusha sheria ya Louisiana ya kuzibana kliniki za kutoa mimba, kwa kura 5 kwa 4. Mmoja wa watano ni Ginsburg. Mwingine ni Jaji Mkuu Roberts, na yeye alisema anafuata tu uamuzi wa mahakama hiyohiyo wa 2016 juu ya sheria ya hapo kwenu Texas, ambao mwenyewe aliupinga. Mtoe Ginsburg, muweke Barrett, uone.

Mimi nina swali moja. Chama cha misiba kinamjadili jaji kwa lipi? Nani kaingiza hiyo ajenda?

Mama Neema, Minnesota

Mwanangu pole. Mimi nilikuwa nesi nyumbani miaka ya tisini, wodi ya akina mama. Wasichana waliletwa usiku, ndugu wanasema "ametokwa damu tu." Hakuna anayetaja, maana sheria yetu ni miaka saba kwa mwenye mimba na kumi na minne kwa aliyemtoa. Unatibu huku unadanganywa. Nilipofika Marekani nikakuta mgonjwa anaeleza yote kwa sauti, nikamwambia dada punguza sauti, watakusikia! Akanishangaa. Basi huyo huyo ndiye alikuja kunitafutia nyumba nikiwa sina pa kulala, na kijana wangu akataka kumuoa binti yake, lakini hiyo habari ni ndefu.

Mluguru_Ughaibuni

Shukrani Kanzu, na wewe mama shikamoo. Ajenda imeingizwa na mweka hazina. Tusilikuze hilo. Naomba tubaki kwenye rekodi ya jaji.

Kanzu na Tai

Mweka hazina wa misiba kaamka asubuhi akamkumbuka Barrett? Mkuu, kuna sehemu hujatuambia.

Mluguru_Ughaibuni, Alhamisi 15 Oktoba

Sawa. Mwishoni mwa Septemba nilimwandikia seneta barua kuhusu huyu jaji. Kwa karatasi ya chama, na muhuri. Majibu yamerudi kwa anwani ya chama, ambayo ni duka la mweka hazina. Kaifungua yeye.

Lakini mimi ni mwenyekiti. Mwezi wa tatu niliandika barua ya rambirambi bila kuitisha mkutano na hakuna aliyefungua mdomo. Tofauti iko wapi?

Fundi wa Tandale

😂😂😂 Jamaa kamtilia muhuri Trump.

Kanzu na Tai

Hiyo rambirambi ndiyo hukumu yako ya rejea? Klobuchar angekutoa jasho.

Kisheria, chama kilichosamehewa kodi hakijakatazwa kabisa kumwandikia seneta kuhusu jaji. Inahesabika kuwa ni ushawishi, una kikomo chake. Kinachokatazwa ni kumpigia debe mgombea wa uchaguzi. Kwa hiyo serikali haina shida na barua moja. Wenye shida na wewe ni kaya sitini.

Mtumishi_Mbeya

Mimi nakupongeza mzee. Umesimama na uhai. Wakikutoa uenyekiti kwa kumuunga mkono mama mcha Mungu, thawabu yako ipo.

Mluguru_Ughaibuni

Mtumishi, sikumuunga mkono. Niliomba wamkatae.

Mtumishi_Mbeya

Naomba nirudishiwe pongezi zangu.

Bint Pangani

Subiri. Mzee wa kanisa?

Mluguru_Ughaibuni

Mzee wa kanisa, ndiyo. Na kutoa mimba sikupendi, mnielewe wazi hapo. Dada yangu alikuwa kidato cha tatu, Kilosa. Akapewa dawa na mama mmoja jirani. Tulizika tukasema malaria. Mke wangu mpaka leo anajua ni malaria. Machi mwaka huu serikali ya Texas ilisimamisha huduma hiyo kwa kisingizio cha corona, nikasikia mabinti wanaendesha gari usiku kucha kwenda majimbo mengine, nikasema hapana, angalau barua. Mnataka niikane? Siwezi. Nimeshaandaa hotuba ya kuitetea Jumamosi. Ninachoomba kwenu ni namna ya kuisoma bila kumtaja dada.

Mama Neema

Mwanangu, mwambie mkeo leo. Asiisikie kwenye Zoom.

Pweza Mkavu

Hii chai, tena ya maziwa na tangawizi. Kwanza seneta gani anajibu barua ndani ya wiki mbili, corona hii, uchaguzi huu? Pili, Juni huyu huyu alifungua uzi hapa, "natafuta fundi wa kuchimba kisima Kimara, nipo eneo la tukio." Leo yuko Texas ni mwenyekiti, mwezi wa kumi na mbili atakuwa Barrett mwenyewe.

Bint Pangani

Nimeutafuta. Ni kweli! Kaandika "nipo."

ngoja_waje

Nimesogeza benchi mbele.

Mluguru_Ughaibuni

Kisima ni cha mama yangu. Aliyekuwa eneo la tukio ni mdogo wangu, ndiye alikuwa ananipa picha. Nilisema nipo kwa sababu mafundi wakijua uko Marekani bei inapaa mara mbili. Hata hilo nalo nijieleze?

Kanzu na Tai

Kwenye majibu mbona ni kawaida. Hizo barua zinatoka kwenye kompyuta. Binamu yangu huko Ohio aliandika kuhusu viza ya mama yake, akajibiwa kuhusu kodi.

Pweza Mkavu

Basi bandika barua, funika majina.

Mluguru_Ughaibuni

Barua anayo mweka hazina.

Pweza Mkavu

Chai imeongezwa sukari.

Fundi wa Tandale

Tuache utani, Kimara mlipata maji kwa mita ngapi? Mimi nilichimba Goba mita sabini, yakatoka ya chumvi.

Mluguru_Ughaibuni

Mita tisini na tano. Yanatoka matamu, ila pampu ya kwanza iliungua.

Bint Pangani

Mkuu, mkeo umeshamwambia?

Mluguru_Ughaibuni, Jumamosi 17 Oktoba

Wamefungua Zoom. Tuko hamsini na kitu, sijawahi kuona mahudhurio haya hata kwenye msiba. Mweka hazina kashaiweka barua kwenye skrini. Mke wangu kakaa chumba cha pili na simu yake, kaniambia nisome na lile la Kilosa, kama sisomi mimi atasoma yeye.

Fundi wa Tandale

Mkuu ukimaliza hapo naomba namba ya yule wa mita tisini na tano.